Kipa Niliyemchagua na Kijiwe Kilichomkataa

Makocha wenzangu vijana, mliniambia niandike nilivyofanya kazi kabla sijaanza kusahau. Nimeshaanza kusahau, ila mambo ya mpira bado hayajanitoka. Vyeo na mishahara nitavipita, maana vyeo havikuwa vingi na mishahara ya mwalimu mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya kuchagua watu. Hiyo ndiyo kazi iliyoninyima usingizi, na ndiyo iliyonifanya kwa miaka mingi nikifika mtaa wa Mbugani nivuke barabara ili nisipite mbele ya kibanda cha Anyosisye kinyozi.

Nilifika Kyela nikiwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimepangiwa kutoka Singida. Kwetu uwanja ukilowa ni habari ya kusimuliana. Hapa nilikuta uwanja wenye vyura. Timu ya mji, Mpunga Stars, ilikuwa mikononi mwa Mzee Lugano, mkulima wa kokoa aliyewahi kucheza beki ujanani na aliyekuwa na goti moja tu linalokunjika vizuri. Siku ya kwanza nilikwenda kumsaidia nikiwa nimevaa raba nyeupe. Alizitazama raba, akanitazama mimi. Kisha akanipeleka nyuma ya goli na kuniambia niupe mchezo mgongo, nitazame migomba.

"Nisitazame mpira, mzee?"

"Mpira utautazama kesho. Leo sikiliza, halafu uniambie nani anacheza vizuri."

Niliona ni uzee tu. Lakini baada ya muda nilianza kusikia. Kuna mchezaji aliyekuwa akipiga kelele za kutaka mpira kila wakati. Kuna aliyekuwa akilaumu. Na kuna mmoja, sauti yake ya chini, aliyekuwa akiwaambia wenzake mambo kabla hayajatokea: mtu nyuma yako, geuka, achia, umebaki peke yako. Mzee Lugano alipokuja nikamwambia huyo ndiye. Akacheka, akasema huyo ni beki wa kulia, hana mbio wala chenga, na bila yeye timu ingekuwa imefungwa tangu Pasaka.

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Vyeti vya ukocha nilivipata baadaye, na vilinifaa, msije mkasema mzee anabeza kozi. Kozi zilinifundisha mazoezi ya viungo na kupanga timu. Mzee Lugano alinifundisha kuwa wavu bora wa goli unatokana na nyavu kuukuu za wavuvi wa Matema, ukizifunga mara mbili. Kwamba mpira uliojazwa upepo asubuhi ya baridi utakuwa jiwe saa za jua. Na kwamba mchezaji unayetaka kumchagua sharti ukamwone kwake, akiwa kazini, anavyoongea na watu asiowahitaji.

Mzee Lugano alipofariki, Mungu amrehemu, timu ikabaki kwangu. Nilimlilia kama baba. Msibani walikuja wachezaji wake wa zamani, wengine wana wajukuu, na kila mmoja alinieleza jinsi mzee alivyomchagua. Hakuna aliyenieleza jinsi alivyoachwa, kwa sababu walioachwa hawaji kukwambia. Hilo nalo mlijue mapema.

Sasa nije kwa magolikipa wawili.

Mwaka huo tulihitaji kipa mmoja. Usajili ulikuwa unafungwa, na nafasi iliyobaki ilikuwa hiyo tu. Kwenye mchujo wakabaki vijana wawili. Mmoja aliitwa Ipyana, ametoka Lyulilo kule sokoni ziwani, mtoto wa watu wa vyungu. Tangu mdogo alikuwa akipokea vyungu kutoka kwenye mitumbwi, na mikono yake haikuwa na haraka wala haikuangusha kitu. Akiruka, watu walisimama. Wa pili alikuwa Gwakisa wa Ipinda, mtoto wa mkulima wa mpunga, mrefu, mpole, anayedaka mpira bila mbwembwe.

Nilikwenda kwao wote wawili, kama nilivyofundishwa. Lyulilo nilimkuta Ipyana akishusha mzigo kimya, kazi safi, hasemi na mtu. Ipinda nilimkuta Gwakisa shambani na wenzake wakivuna, na niliposimama kwenye tuta nikageuka kutazama migomba, nilimsikia. Alikuwa akiwapanga watu waliomzidi umri, kwa utani, na hakuna aliyeudhika. Siku ya mwisho ya mchujo, kabla kipindi cha kwanza hakijaisha, alishawajua mabeki wote kwa majina, watu aliokutana nao asubuhi ile. Mabeki wangu mwaka huo walikuwa wachanga na waoga. Walihitaji mtu wa kuwasemesha.

Nikamchagua Gwakisa. Swali la kama ninajuta nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa jina langu, kwa hiyo nalijibu hapa: kwa niliyoyajua siku ile, ningemchagua tena kesho. Ipyana nilimwambia mwenyewe, ana kwa ana, sikumtuma mtu. Alisema "ndaga, mwalimu," akashukuru kama mtu aliyepewa kitu, akachukua begi lake. Msimu huohuo timu moja ya Mbeya ikamchukua.

Msimu wenyewe ulikwenda vizuri. Tulifika mechi ya mwisho, hapa nyumbani, tukihitaji sare tu ili tupande daraja. Ilikuwa majira ya masika, na ninyi mnajua masika ya Kyela yalivyo. Uwanja ulikuwa umekunywa maji hadi ukachoka. Sisi tulikuwa na utaratibu wetu wa tangu enzi za Mzee Lugano: pumba za mpunga kutoka mashine ya kukoboa, magunia kadhaa, unazimwaga golini penye tope na kuzikanyaga zishikamane. Kipa anapata pa kusimama. Timu za kutoka milimani zilikuwa zikitucheka, kisha zikaanza kutuomba.

Kipindi cha pili mvua ilizidi. Ikafika mahali nikawa sioni vizuri goli letu, maana benchi lilikuwa upande wa mbali. Winga wetu aliumia, mchezo ukasimama, na wakati anatibiwa nikawaona mashabiki waliokuwa nyuma ya goli wakiingia mbio na magunia kumwongezea Gwakisa pumba, Anyosisye mbele yao. Refa akawafukuza kwa filimbi. Mpira ukaanza. Haikupita muda, mtu wao akapiga shuti la chini, la kawaida kabisa, kuelekea nguzo ya kushoto. Nikamwona Gwakisa akipiga hatua kuufuata, kisha akawa amelala ubavu, na mpira umepita.

Moja bila. Hatukupanda. Hatujapanda tangu siku hiyo.

Nililia, siwafichi. Na mji ulilia. Lakini machozi ya mashabiki hukauka haraka na nyuma yake huja maneno. Kufikia Jumamosi iliyofuata, kibanda cha Anyosisye kilikuwa kimegeuka kamati ya usajili. Wakachagua upya. Gwakisa wakamtoa, Ipyana wakamweka, mechi wakairudia, tukashinda. Jumamosi nyingine wakachagua upya tena, na tukashinda tena. Sijawahi kuona timu inayoshinda kama ile ya pale kwa kinyozi.

Ipyana naye hakuwasaidia kusahau. Kutoka Mbeya akaenda Dar es Salaam, akawa kipa wa kutangazwa redioni. Kila alipodaka penalti kule, Gwakisa alifungwa goli huku. Watu walikuwa wakisikiliza redio Mbugani na kugeuka kumtafuta Gwakisa wamnyooshee kidole.

Nilijaribu kumtetea. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Anyosisye, ananinyoa ndevu.

"Mwalimu," akasema, "hebu kubali tu. Ulikuwa na dhahabu mkononi, ukaokota kokoto."

"Uliwahi kumsikia Gwakisa akiwapanga mabeki?" nikamuuliza.

"Mdomo haudaki mpira, tata. Ningekuwa mimi..."

Hapo ningekuwa na mengi ya kusema juu ya watu wanaosema ningekuwa mimi, lakini wembe ulikuwa kooni. Baada ya siku hiyo nikawa nanyolewa na mke wangu, Mungu ambariki, ingawa hana mkono wa kunyoa ndevu.

Mnielewe. Simlaumu mtu kukaa kijiweni. Mpira bila kijiwe ni mazoezi tu. Na Anyosisye hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akichangisha nauli za wachezaji, ndiye aliyekuwa wa kwanza hospitalini mchezaji akivunjika. Alikuwa akiipenda timu kwa namna iliyokuwa ikimuumiza, na mtu akiumia hutafuta aliyemgonga. Ila kocha huchagua akitazama mbele, penye giza. Kijiwe huchagua kikitazama nyuma, na huko kila mtu ana macho makali.

Aliyebeba mzigo wote huo ni Gwakisa. Aliendelea kudaka misimu kadhaa, vizuri, na hakuna anayekumbuka hata mechi moja. Kisha akawa ananisaidia kufundisha makipa, bila cheo, akitoka Ipinda kwa baiskeli. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakuwahi kufika Mbugani. Binti yake alirudi kutoka shule akilia kwa sababu walikuwa wakigawana timu uwanjani wakamwambia awe wa mwisho kuchaguliwa, wasije wakakosea kama mwalimu. Yote hayo niliyasikia kwa watu. Yeye hakuwahi kuniletea lalamiko, wala kuizungumzia mechi ile. Nilidhani ni aibu, nikaona nisiichokonoe.

Mwaka jana afya yangu ilinishauri nipumzike, na mke wangu akaunga mkono hoja. Ikabidi timu ipate kocha. Nikaenda Ipinda kumwambia Gwakisa nataka kumpendekeza. Nilimkuta akigeuza kokoa juani. Aliacha kazi, akakaa chini.

"Naitaka, mwalimu," akasema. "Sikufichi, naitaka sana. Lakini watu wataniweka tena mbele yao, wanipime. Wakinikataa mara hii, sitaweza kubaki. Nitaliuza shamba, nichukue mke na watoto, tuhamie hata Chunya, mahali ambapo mtu hajui nilikuwa kipa."

"Hawatakukataa," nikamwambia. Sikuwa na uhakika hata kidogo.

Mkutano wa wanachama ulifanyika darasani, Jumapili baada ya ibada. Madawati yalijaa, wengine wakasimama madirishani. Mwenyekiti wa timu, mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, akanipa nafasi. Nikalitaja jina la Gwakisa, nikaeleza kazi aliyoifanya na makipa wetu. Walinipigia makofi mimi, siyo jina. Mwalimu anajua tofauti.

Anyosisye akasimama. Amezeeka naye, ila sauti ni ileile.

"Mugonile, ndugu zangu. Mwalimu tunamheshimu, na kwa kazi yote tunasema ndaga fijo. Lakini mwalimu alituchagulia mtu mara moja, tukalia mji mzima. Sasa anaondoka, anatuchagulia yuleyule! Ng'ombe akikupiga teke jana, leo unamrudia upande uleule?" Watu wakacheka. "Mimi napendekeza Ipyana. Amerudi nyumbani, yupo hapa, amecheza na wakubwa. Tulikosea kumwacha. Leo tusahihishe."

Ni kweli Ipyana alikuwepo, nyuma kabisa, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti lililomtoa mpirani. Alikuwa amerudi Lyulilo na anafanya biashara ya samaki. Makofi yalipigwa mpaka vumbi la chaki likaruka. Nikamtazama Gwakisa. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono katikati ya magoti, na uso wake ulikuwa umeshahama Kyela. Moyo uliniuma, kwa sababu ni mimi niliyemleta pale.

Ipyana akasimama akishikilia dawati.

"Nashukuru," akasema. "Nimekuwa nikisikia jambo hili hata nikiwa Dar. Nikikutana na mtu wa Kyela, kabla hajanisalimia ananiambia goli lile ningelidaka. Lakini mimi siku ile nilikuwa Mbeya. Sikuliona. Nielezeni basi, nijue kama kweli ningelidaka."

"Aa, ungelidaka!" Anyosisye akasema. "Shuti lenyewe la mtoto, la chini, linakwenda kushoto."

"Golini palikuwaje?"

"Palikuwa pabaya. Mvua, tata, si mvua ya mchezo."

"Kushoto kwa kipa palikuwaje?"

Anyosisye akatoka kwenye dawati akaja mbele, kwa sababu yeye hadithi hawezi kuisimulia amekaa. "Sikiliza. Mimi nilikuwa nyuma ya goli, namwona hivi. Kushoto pale palikuwa na dimbwi, mabeki walikuwa wamepachimba kwa njumu, maji yamejaa. Nikawaambia wenzangu, kijana wetu atateleza, tumsaidie. Winga alipoumia tukaingia na magunia. Tukamwaga pumba palepale kushoto, tukamwaga, tukamwaga, mpaka maji yote yakafunikwa, ukitazama unaona pakavu kabisa, kama uwanja wa..."

Mkono wake ulikuwa bado hewani ukionyesha jinsi walivyomwaga. Kinyozi huyo ni mkulima wa mpunga pia, kama karibu wote mle ndani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa pumba hufanya nini juu ya maji.

"Mliyatoa maji kwanza?" Ipyana akauliza, polepole.

"Refa alikuwa anatufukuza," Anyosisye akasema. "Hatukuyatoa. Zilikuwa zinaelea. Ee Kyala, Mungu wangu! Zilikuwa zinaelea."

"Basi nisingelidaka," Ipyana akasema. "Hakuna ambaye angelidaka." Akakaa.

Darasa zima likageuka kumtazama Gwakisa. Ni watu walewale walioisimulia mechi ile kila Jumamosi, na wengi walikuwa miongoni mwa waliobeba magunia, na pumba walikuwa wakizitaja kila mara: tulimsaidia na bado akateleza. Hata mimi nilikuwa nimezisikia. Siku zote pumba zilikuwa msaada, kwa hiyo hakuna aliyezishuku.

"Gwakisa," nikamwita, kama ninavyomwita mwanafunzi. "Ulijua?"

Akasimama. "Nilijua nilipoweka mguu, mwalimu."

"Miaka yote hii! Na wanakutukana, na mtoto wako analia! Kwa nini hukusema?" Nilikuwa nimekasirika, sijui hata nilimkasirikia nani.

Hakunitazama mimi. Alimtazama Anyosisye.

"Walikuwa wamelowa hadi mifupa," akasema. "Refa anawafukuza, nao wanakimbia na magunia kichwani, wanateleza, wanaanguka, wanainuka, wanakuja kunisaidia. Mji ulikuwa kama uko msibani siku ile. Ningewaambia nini? Ningewaambia kwamba ni wao?"

Nimesikia wachezaji wengi wakisema mengi, wakijitetea, wakilia, wakiomba. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mama mwenyekiti alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaisafisha sauti, akasema anayekubali Gwakisa awe kocha anyooshe mkono. Wa kwanza alikuwa Ipyana. Kisha madawati, kisha madirishani, hadi waliosimama nje ambao hawakuwa hata wanachama.

Anyosisye hakunyoosha. Alikuwa bado amesimama mbele ya watu, amefunika uso kwa viganja vyote viwili.

Mwenyekiti alisita kumhesabu. Watu wakaanza kunong'ona. Gwakisa akatoka mlangoni, akapita katikati ya madawati mpaka alipokuwa mzee yule, akasimama kando yake, akamshika begani.

"Mama mwenyekiti," akasema, "mhesabu na huyu. Mikono yake ina kazi, lakini yuko upande wangu."